Anodi na anodini ni ndugu, au zimekaa jirani tu kwenye kamusi?

TichaKemia_Mpwapwa

Wakuu habarini za jioni, poleni na majukumu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa kemia, famasia, hata lugha za kale.

Nafundisha kemia sekondari huku Mpwapwa na sasa hivi tuko kwenye elektrolisisi, yaani kuchambua kemikali kwa kupitisha umeme, na form three. Shuleni tuna kamusi ya sayansi ya zamani sana, ya Kiingereza, jalada halipo na kurasa zimekuwa njano, ila watoto wanaipenda maana ina maneno ambayo hayapo kwenye vitabu vya siku hizi. Sasa kijana mmoja kaenda kutafuta anodi, moja ya vile vipande viwili vya kupitishia umeme, chini yake kidogo akakuta anodini, maelezo yanasema ni dawa ya kutuliza maumivu. Akauliza mbele ya darasa, mwalimu, hii dawa ilikuwa inatengenezwa kwenye anodi? Mwenzake akadakia kwamba labda zamani mgonjwa alikuwa anashikishwa waya wa betri ili maumivu yaishe. Kwangu mimi hayo ni maswali mazuri kabisa, mtoto kaona maneno mawili yamefanana karibu herufi zote na anataka kujua sababu, nataka nimpe jibu lililoshiba.

Humo humo kwenye kamusi kuna laudanamu, paregoriki, matone ya Hoffmann, zote zimeandikwa kwamba ni anodini, hizo zilikuwa na nini ndani? Na nikimalizia, kuna lile linalowatesa wanafunzi kila mwaka, kwa nini kwenye elektrolisisi anodi ni chanya halafu tukifika kwenye betri tunawaambia anodi ni hasi? Natanguliza shukrani.

MwlMstaafu_Hombolo

Mwalimu hongera sana na hao vijana, darasa linalouliza hivyo liko hai. Mimi nimefundisha kemia na fizikia mpaka nikastaafu, acha nikupe ninachokijua.

Hazina undugu. Zote zimetoka Kigiriki ila kila moja na mzizi wake. Anodini ni an-, maana yake bila, ikaungana na odyne ambayo ni maumivu. Hiyo an- ndiyo unayoikuta kwenye anestesia na analjesia. Anodi yenyewe sio an-, ni ana, yaani kwenda juu, ikaungana na hodos ambayo ni njia, kwa hiyo anodi ni njia ya kupanda, na kathodi ni kata, kwenda chini, pamoja na hodos hiyo hiyo, njia ya kushuka. Ile h ya hodos kwenye anodi imemezwa ndio maana macho yanadanganyika, ila kwenye kathodi bado ipo imejificha ndani ya th, waonyeshe wanafunzi wako ubaoni wataiona.

Hata umri haulingani. Anodini ilitumika tangu enzi za Warumi, Celsus aliyeandika mambo ya tiba karne ya kwanza analitaja kwa vidonge vinavyoondoa maumivu kwa kumlaza mtu usingizi. Anodi imezaliwa mwaka 1834 na wazazi wake tunawajua kwa majina.

Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, shule alisoma kidogo sana, akawekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu London akawa anavisoma vitabu alivyoletewa kujalidi, ndivyo alivyoanza sayansi. Miaka ya 1830 alikuwa anapitisha umeme kwenye miyeyusho na chumvi zilizoyeyushwa, na lugha ikamkwamisha. Wenzake wote walikuwa wanasema ncha, kama ncha za sumaku, wakiamini ncha ndiyo inayovuta vitu kutoka mbali. Yeye majaribio yake yalimwonyesha sivyo, akasema hizo ni nyuso tu au milango ambayo umeme unaingilia na kutokea. Kwa hiyo akawa anahitaji neno lisilobeba dhana ya kuvuta. Rafiki yake daktari, Whitlock Nicholl, alimsaidia kupata elektrodi, yaani hiyo milango, na elektroliti, yaani kile kimiminika ambacho umeme unapita ndani yake. Kwa ile milango miwili alikuwa na eisodi na eksodi, pa kuingilia na pa kutokea, lakini hakuridhika, akamwandikia William Whewell wa Trinity kule Cambridge mwezi Aprili 1834, na Whewell ndiye aliyemshauri anodi na kathodi.

Kwa nini juu na chini? Hapa ndipo mimi huwa napenda kukaa na wanafunzi. Faraday aliuwazia usumaku wa dunia kama unaletwa na mkondo wa umeme unaozunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi, njia ile ile ya jua. Ukikiweka chombo chako cha majaribio kikafuata mkondo huo, upande umeme unakoingilia ni mawio na upande unakotokea ni machweo. Jua linapanda kwenye anodi, linashuka kwenye kathodi. Na zile chembe zinazosafiri katikati wakaziita ioni, yaani kinachokwenda, anioni inakwenda anodi na kationi inakwenda kathodi.

Ukishaelewa hivyo swali lako la chanya na hasi linajijibu. Faraday hakutaja chanya wala hasi kwenye majina yake, alitaja mwelekeo. Anodi ni pale mkondo unapoingilia kwenye elektroliti, basi. Tukisema kwa elektroni, ambayo yeye hakuijua maana J. J. Thomson alikuja kuionyesha 1897, anodi ni pale elektroni zinapoachiwa na kathodi ni pale zinapopokelewa. Mimi nilikuwa nafundisha hivi: Anodi Achia, Kathodi Karibisha. Form three hawasahau mpaka mtihani wa mwisho.

FundiSola_Nkuhungu

Mwalimu shikamoo. Hiyo Achia na Karibisha naichukua, nina vijana wawili nawafundisha kazi hapa Nkuhungu na hili la anodi kubadilika linawachanganya kwelikweli.

Ticha, wape mfano wa betri ya asidi ya sola, ni mzuri kuliko wa kwenye kitabu. Ile betri ina bamba la risasi upande wa hasi. Usiku ukiwasha taa lile bamba linaachia elektroni, kwa hiyo usiku ni anodi. Kesho yake jua likitoka paneli inachaji, bamba lile lile sasa linarudishiwa elektroni, linakuwa kathodi. Alama ya hasi pale juu ya betri haijabadilika hata siku moja, nguzo ni ile ile, ila jina la anodi limehama kulingana na kazi inayofanyika. Kama una betri kavu ya tochi ni hivyo hivyo, lile kopo la zinki ndio anodi, linaachia elektroni huku linaliwa taratibu, ndio maana betri ikikaa sana kwenye tochi inatoboka na kuvuja. Kile kijiti cheusi cha katikati ni upande wa kathodi.

Alafu kuna anodi nyingine ambayo watu wa Dodoma wanayo ndani na hawajui, ipo kwenye hita ya maji. Ndani ya tanki la chuma kuna fimbo ya magnesiamu, kazi yake ni kuliwa yenyewe ili tanki lisiliwe, na kwa haya maji yetu yenye chumvi hiyo fimbo haikai muda mrefu, ikiisha na usipoibadilisha kutu inahamia kwenye tanki. Nawaambia wateja kila siku kwamba kile ni kifaa cha kubadilisha, wengine wanasubiri mpaka tanki litoboke wanunue jipya, inaniuma kwa kweli maana fimbo ni bei rahisi mno ukilinganisha na tanki.

Naomba kuuliza na mimi, na dayodi je, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu? Maana nayo ina anodi na kathodi, ule mstari kwenye mwili wake unaonyesha kathodi. Ni ukoo mmoja?

MwlMstaafu_Hombolo

Marahaba mwanangu. Ndiyo, ukoo mmoja kabisa. Di ni mbili, halafu hodos, jina hilo alilitoa William Eccles mwaka 1919 wakati dayodi bado ni za taa za kioo, kabla hata ya hizi ndogo mnazochomelea. Na hiyo fimbo ya hita uliyoitaja, wazo hilo Humphry Davy alilijaribu 1824 kulinda shaba iliyofunika meli za kivita za Uingereza isiliwe na maji ya bahari, alibandika vipande vya zinki na chuma vikawa vinaliwa badala yake.

MzeeWaKanisa_Kongwa

Samahani naingilia kidogo. Mkisema hodos ni njia basi na Sinodi yetu imo humo. Sin ni pamoja, hodos ni njia, watu wanaokuja njia moja kukaa pamoja. Sisi Waanglikana wa huku neno hili tunalisikia kila mara, sikuwahi kufikiri lina udugu na betri. Na kitabu cha Kutoka kwenye Biblia ya Kiingereza kinaitwa kwa neno hilo hilo, njia ya kutoka, ile eksodi ya Faraday. Mungu awabariki walimu.

Mfamasia_Makole

Shikamooni wakubwa. Mimi niko upande wa dawa, ngoja nijibu lile la laudanamu na wenzake maana naona hamjaligusa.

Ticha, ukiona kitabu cha zamani kimeandika anodini, mara nyingi sana fahamu kwamba ndani kuna afyuni. Laudanamu ni afyuni iliyolowekwa kwenye pombe. Ile ya daktari Thomas Sydenham wa Uingereza, karne ya 17, ilikuwa ni afyuni kwenye mvinyo pamoja na zafarani, mdalasini na karafuu. Yani ukitoa ile afyuni na mvinyo vinavyobaki unavipata sokoni Majengo. Ilitibu maumivu kweli, kikohozi, kuharisha, ila watu walikuwa wanazoea wanashindwa kuacha, na kipimo kilikuwa cha matone ya kukisia kwa sababu hakuna aliyejua nguvu ya afyuni ya safari hii ikoje. Paregoriki ni ndugu yake mpole, afyuni kidogo na kafuri, neno lake lina maana ya kutuliza, na hiyo walikuwa wanawapa mpaka watoto wadogo, jambo ambalo leo likifanyika ni hatari kubwa maana afyuni inazima pumzi ya mtoto haraka sana.

Mambo yalianza kubadilika pale Friedrich Sertürner, kijana wa duka la dawa kule Ujerumani, alipoitoa mofini kwenye afyuni mwanzoni mwa miaka ya 1800, akaipa jina la Morpheus mungu wa ndoto wa Wagiriki. Kuanzia hapo unaweza kupima kwa mizani kiasi gani mgonjwa anapata. Mimi naliona hilo ni jambo kubwa kuliko hata dawa yenyewe, kwa sababu dawa ya maumivu isiyo na kipimo ni sumu.

Matone ya Hoffmann ni tofauti, hayana afyuni. Ni etha imechanganywa na pombe, ya Friedrich Hoffmann, profesa wa tiba wa Halle aliyefariki 1742, mwenyewe aliyaita kwa Kilatini maji ya madini ya anodini. Na hapa mwambie yule kijana wako kwamba hajakosea sana kunusa harufu ya betri. Etha walikuwa wanaipata kwa kuchemsha pombe na kitu walichokiita mafuta ya vitrioli, na mafuta ya vitrioli ni asidi ya sulfuriki, ndio hiyo hiyo kaka FundiSola anayoijua kama maji makali ya betri.

Kuna na kiungo kingine. Huyo Humphry Davy aliyetajwa na mwalimu ndiye aliyemwajiri Faraday mwaka 1813. Davy kabla ya kuingia kwenye umeme alikuwa anavuta na kupima gesi kule Bristol, akaandika mwaka 1800 kwamba oksidi ya naitrasi inaondoa maumivu ya mwili na huenda ikafaa kwenye upasuaji. Miaka saba baadaye mtu huyo huyo anatumia umeme kutoa potasiamu na sodiamu. Na maelezo mafupi yaliyotoka 1818 kwamba kuvuta mvuke wa etha kunaleta hali kama ya ile gesi, wengi wanasema ni kalamu ya Faraday. Lakini madaktari wa upasuaji hawakuchukua hatua, wagonjwa waliendelea kukatwa wakiwa macho mpaka 1846 pale William Morton alipotumia etha hadharani Boston. Hiyo ndiyo mliyokuja kuisikia kwa wazee kama nusu kaputi. Huwa nikifikiria hiyo miaka karibu hamsini naumia, maarifa yalikuwepo kwenye karatasi na watu wanapiga kelele mezani.

Hizi tulizonazo leo majina yake pia yana historia. Asprini iliandikishwa na Bayer 1899, a ya asetili, spir ya mmea wa Spiraea, na -ini ya mwisho kama dawa nyingi za wakati ule. Parasetamoli ni kifupisho tu cha jina lake la kemia, para-asetilaminofenoli, ilitengenezwa mara ya kwanza 1878 ikakaa bila kazi mpaka miaka ya 1950. Nawaomba tu msiichukulie kirahisi kwa sababu inauzwa kila duka, mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa siku, yani vidonge 8 vya miligramu 500, na hapo hesabu na zile dawa za mafua maana nyingi zina parasetamoli ndani, ikizidi inaharibu ini na mwanzoni husikii chochote.

La mwisho. London miaka ya 1700 kulikuwa na mikufu ya shanga inauzwa kwa jina la anodini, wanamvalisha mtoto anayeota meno. Haikuwa na dawa ya kumfika mtoto, lilikuwa jina tu linauza. Nalisema kwa sababu huku kwetu mikoa ya kati bado kuna wazazi wanaambiwa mtoto ana meno ya plastiki, anapelekwa kung'olewa ufizi na vyuma visivyo safi. Jamani homa na kuharisha kwa mtoto sio meno, mpelekeni kituo cha afya.

Fizio_IlazoDom

Dada Mfamasia umeniwahi nusu ya niliyotaka kusema, asante sana. Mimi ni mfiziotherapia na nataka kumtetea yule mwanafunzi wa pili, aliyesema mgonjwa alikuwa anashikishwa waya. Kwa maneno, hapana, mwalimu kashaeleza. Kwa tiba, ni kweli kabisa na tunafanya mpaka leo.

Scribonius Largus, daktari Mroma, mnamo mwaka 47 aliandika kwamba mwenye kichwa kinachouma sana awekewe kichwani samaki taa wa umeme akiwa hai mpaka sehemu ifanye ganzi, na mwenye jongo amkanyage pale ufukweni. Wagiriki walimwita huyo samaki narke, maana yake ganzi, na ndiko neno narkotiki lilikotoka. Kwa hiyo neno la dawa kali za usingizi na samaki wa umeme wana jina moja! Hata kwetu ziwa Tanganyika kuna kambare wa umeme, wavuvi wanaijua shoti yake.

Siku hizi tunatumia mashine ya TENS. Unabandika pedi mbili zenye jeli kwenye ngozi, hizo ndizo elektrodi, zinapeleka mapigo madogo ya umeme kwenye neva. Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango, neva kubwa za mguso zikiwa na kazi zinabana habari ya maumivu isipite yote. Akina mama wanaobeba ndoo na kuni wakija na mgongo huwa inawapa nafuu ya kuweza kuanza mazoezi, ambayo ndiyo tiba yenyewe. Mwenye kifaa cha moyo asibandikwe bila ya daktari wake kujua.

Na kuna moja ambapo anodini na anodi zinakutana uso kwa uso, inaitwa iontoforesisi. Unaweka dawa ya maumivu chini ya elektrodi na umeme unaisukuma iingie kwenye ngozi bila sindano.

TichaKemia_Mpwapwa

Wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba, Mungu awalipe. Mwalimu Hombolo shikamoo, ile th ya kathodi nimeiandika ubaoni leo darasa zima likanyamaza wanaiangalia. Dada Fizio, hiyo iontoforesisi ndio haswa wanachoulizia, dawa inawekwa anodi au kathodi? Na kuna namna ya kuwaonyesha darasani bila kumgusa mtu?

Fizio_IlazoDom

Inategemea chaji ya dawa ticha. Lidokeini, ile ya ganzi, ikiwa kwenye maji inabeba chaji chanya, kwa hiyo unaiweka chini ya anodi, chanya inaisukuma chanya mwenzake iingie ndani. Salisileti, jamii ya asprini, ni hasi, hiyo inawekwa chini ya kathodi. Ukiikosea upande haiingii. Ila wakatazeni kabisa kujaribu kwenye ngozi zao na betri, mkondo usiodhibitiwa unaunguza, na chini ya kathodi ngozi inaungua kwa alkali bila mtu kusikia mapema.

MwlMstaafu_Hombolo

Marahaba mwalimu. La darasani lipo na halihitaji maabara kubwa. Chukua kipande cha kioo, tandika juu yake karatasi ya kuchujia, ilowanishe na maji yenye chumvi kidogo sana. Katikati weka punje moja ya potasiamu pamanganeti, ile PP ya zambarau ya kuoshea vidonda, duka la dawa wanayo. Bana ncha mbili za karatasi kwa vibanio vya chuma, unganisha betri mbili za volti 9 kwa mfululizo, uwaache waangalie, ni kama nusu saa hivi. Ile rangi ya zambarau ni anioni, utaiona inajivuta polepole kuelekea upande wa chanya, ambao hapo ndio anodi. Kisha geuza nyaya, inaanza kurudi. Waulize kabla ya kugeuza itakwenda wapi na kwa nini, kila mmoja aandike jibu lake kwanza.